Mkeka, Jasho na Posho: Yoga Ilivyogeuka Kazi ya Kijamii Nairobi

Kisa chenyewe kilianzia mbugani. Mwaka 2006 Paige Elenson, mwalimu wa yoga kutoka New York, alikuwa Kenya na familia yake kwa ziara ya kutazama wanyama. Wakiwa njiani aliona kundi la vijana wamesimama kwa mikono kwenye nyasi, vichwa chini, miguu juu. Kwake ule ulikuwa mkao wa yoga anaoufahamu vizuri. Kwa vijana wale yalikuwa mazoezi ya kazi, maana walikuwa wanasarakasi. Elenson akashuka garini, akajipindua, akasimama kwa mikono pamoja nao.

Kisa hiki hupendwa na wanahabari wa kigeni, na ni rahisi kuona sababu: kina mbuga, kina vijana Waafrika, kina mgeni mchangamfu. Lakini uzito wa habari uko katika yaliyofuata. Elenson aliporudi kwao, vijana wale waliendelea kumwandikia wakimwomba aje awafundishe. Akaja. Mwaka 2007, akishirikiana na mwalimu wake Baron Baptiste, akaanzisha shirika la Africa Yoga Project lenye makao Nairobi. Kabla mwaka haujaisha, Kenya ikaingia katika ghasia za baada ya uchaguzi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Mitaa kama Kibera na Mathare, ambako baadhi ya walimu wa mwanzo walitoka, iliumia vibaya. Jirani hakumwamini jirani.

Ndipo yoga ikapewa kazi ambayo wengi hawakuitarajia: kuihudumia mitaa hiyo kupitia vijana wake.

Anayeifahamu Nairobi anawajua wanasarakasi wake. Hujifunzia kwenye viwanja vya vumbi na kumbi za mitaa, wakipandana mabegani hadi ghorofa tatu za watu. Wenye bahati hupata mkataba katika hoteli za Pwani au kwenye maonyesho ya Ulaya, China na Uarabuni. Wasio nayo hucheza kwenye sherehe kwa malipo ya siku. Kazi hiyo haidumu. Goti likiharibika au mgongo ukichoka, msanii wa miaka 28 anakuwa mzee. Kwa hiyo vijana wale walipomwona mwalimu anayelipwa kwa kuufundisha mwili huohuo uliokuwa ukiwalisha, walihesabu haraka. Mwalimu wa yoga anaweza kufundisha hadi mvi zimjae kichwani.

Mpango uliojengwa Nairobi ulikuwa hivi. Kijana anachaguliwa, anapewa mafunzo ya saa 200, kiwango kinachotumiwa na studio nyingi duniani kumtambua mwalimu wa ngazi ya kwanza. Hatozwi ada ambayo mgeni angetozwa. Akihitimu, anafundisha bure katika mtaa wake: shuleni, kwenye nyumba za watoto yatima, vituo vya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, magereza. Anaohudumia hawalipi kitu. Yeye, hata hivyo, hupata posho inayotokana na wafadhili, wengi wao wakiwa watu wa nchi za nje wanaomfuatilia kama walezi wake wa kikazi. Muda uliobaki anatafuta wateja wa kulipa, mahotelini, maofisini na majumbani.

Hapo pana jambo ambalo mashirika mengi ya hisani hayaligusi. Kijana wa Mathare akiombwa kujitolea, atajitolea wiki ya kwanza. Wiki ya pili atapiga hesabu ya nauli ya matatu. Wiki ya tatu atakuwa amepata kibarua cha mjengo na hataonekana tena, na wala hastahili kulaumiwa. Nairobi imejaa miradi iliyokufa kwa sababu ilitegemea moyo wa watu wenye njaa. Posho hiyo, hata ikiwa ndogo, ndiyo iliyomfanya mwalimu aonekane Jumanne hii, na Jumanne ijayo, na ile inayofuata. Watoto wa shule hawahitaji mgeni anayekuja mara moja na kamera. Wanahitaji mtu yuleyule, saa ileile.

Makao ya shirika hilo yaliwekwa Parklands, na hapo pia pana historia. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi: Wazungu wakapewa vilima vya magharibi vyenye baridi na miti, Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara, Waafrika wakasukumwa Eastlands. Uhuru uliondoa sheria, haukuondoa ramani. Hadi leo mtu anaweza kuishi Nairobi miaka 30 bila kukaa chumba kimoja na mtu wa upande wa pili isipokuwa mmoja wao awe anamfanyia mwenzake kazi. Ndiyo maana darasa la bure la Jumamosi la Parklands lilivuta macho. Watu kwa mamia walibanana ukumbi mmoja, mikeka imegusana ukingo kwa ukingo: mfanyakazi wa ubalozi, mama wa Kihindi wa jirani, kijana aliyetoka Kibera kwa miguu. Kila mmoja akivuja jasho, kila mmoja amevua viatu.

Mtindo unaofundishwa hapo ni ule wa Baptiste, yoga ya nguvu. Asiyeijua anadhani yoga ni kukaa kimya ukiwa umefumba macho. Aje ajaribu. Unaanza kwa mfululizo wa mikao uitwao salamu kwa jua: unainua mikono, unainama, unarudi nyuma ukajishikilia kama anayepiga pushapu, unashuka, unainua kifua, kisha unasukuma makalio juu hadi mwili unakuwa kama paa la nyumba. Unarudia. Baada ya raundi kadhaa mabega yanatetemeka na kitambaa ulichotandika mkekani kimelowa. Mwalimu anapita katikati, anasukuma kisigino hiki chini, ananyoosha kiuno kile. Mwisho watu wanalala chali, viganja juu, na kwa dakika chache ukumbi uliokuwa ukihema unanyamaza.

Wazo kwamba yoga ni utumishi halikuzaliwa Nairobi wala New York. Katika Bhagavad Gita, maandiko ya Kihindu ya kale, karma yoga ni njia ya kufanya kazi inayokupasa bila kung'ang'ania matunda yake. Kwa karne nyingi fundisho hilo lilisomwa zaidi kama wajibu wa mtu kwa tabaka lake. Aliyelivuta hadi kwenye barabara chafu na vitanda vya wagonjwa ni Swami Vivekananda, mtawa wa Bengal aliyepata umaarufu kwa hotuba yake mjini Chicago mwaka 1893. Majira ya baridi ya 1895 kuingia 1896 alitoa mihadhara kuhusu karma yoga huko New York, ikachapishwa kuwa kitabu. Aliporudi India akaanzisha Ramakrishna Mission, Mei 1897.

Haukupita muda mrefu kabla ya fundisho hilo kutiwa majaribuni. Tauni iliingia Calcutta mwaka 1898. Shirika halikuwa na fedha, na Vivekananda akasema yuko tayari kuiuza ardhi iliyonunuliwa kwa ajili ya makao ya watawa ili wagonjwa wahudumiwe. Mwaka uliofuata mwanafunzi wake Sister Nivedita, mwanamke mzaliwa wa Ireland, aliongoza kazi ya kusafisha mitaa. Watawa na vijana waliosoma walishika mafagio katika vichochoro ambavyo kwa desturi za tabaka zao wasingevikanyaga. Ukisoma habari za yoga katika majarida ya leo yenye picha za ufukweni, ni rahisi kusahau kwamba ufagio ulikuwa mmoja wa vifaa vyake vya mwanzo.

Mwingine aliyeunganisha yoga na utumishi ni Swami Sivananda. Kabla ya kuwa mtawa alikuwa daktari huko Malaya, Malaysia ya leo, kwa takriban miaka kumi. Alipohamia Rishikesh, kando ya mto Ganges, alifungua zahanati ya bure mwaka 1927 kwa fedha za bima yake ya maisha, akitibu mahujaji na watawa waliokuwa wakiugua kuhara na homa. Shirika lake, Divine Life Society, lilifuata mwaka 1936. Wengi waliokuja kuieneza yoga Ulaya na Marekani katika karne ya 20 walipita mikononi mwake. Kwa hiyo kiungo kati ya mkeka na zahanati ni cha zamani. Kilichotokea ni kwamba studio za mijini zilichukua mkeka, zahanati zikaiacha njiani.

Hata Afrika Mashariki jina la Vivekananda halijapotea. Dar es Salaam kuna kituo cha utamaduni cha ubalozi wa India kinachoitwa kwa jina lake, na yoga ni mojawapo ya masomo yanayofundishwa hapo. Kila tarehe 21 Juni, siku ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga Desemba 2014 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio lililodhaminiwa na nchi 177, balozi za India Nairobi na Dar huandaa mazoezi ya pamoja. Fulana nyeupe hugawiwa, waheshimiwa hupiga picha. Si vibaya. Ila mwaka una siku nyingine 364.

Marekani nayo ina mfano unaofanana na wa Nairobi kuliko watu wanavyodhani. Upande wa magharibi wa jiji la Baltimore, ndugu wawili, Ali na Atman Smith, pamoja na rafiki yao Andres Gonzalez, walianzisha Holistic Life Foundation mwaka 2001. Ndugu hao wamekulia mitaa hiyohiyo, yenye nyumba zilizopigwa misumari madirishani na biashara ya dawa za kulevya kwenye kona. Walianza na kikundi kidogo cha wavulana wa shule ya msingi ambao walimu wao walikuwa wamekata tamaa nao, wakicheza nao mpira kwanza, kisha yoga. Baadaye katika shule ya Robert W. Coleman walitengewa chumba chenye mito na taa hafifu. Mtoto aliyepigana au kumtukana mwalimu hakupelekwa moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Alipelekwa chumbani humo, akakaa na mtu mzima, akafundishwa kuvuta pumzi taratibu hadi ngumi zilegee, kisha wakazungumza kilichotokea. Shule hiyo iliripoti kipindi ambacho hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyesimamishwa masomo.

Lakini kinachovutia zaidi Baltimore ni orodha ya wafanyakazi. Baadhi ya walimu wa shirika hilo leo ni wale wavulana wa jana. Nairobi ni vilevile: kijana aliyefundishwa anafundisha, na anapata riziki kwa kufundisha. Mtoto wa mtaani akimtazama mwalimu wake anamwona mtu wa mtaa wake, anayeongea Sheng kama yeye, anayejua maji ya dukani yamepanda bei. Mgeni, hata awe na nia njema kiasi gani, hana sifa hiyo.

Gerezani ndiko kazi hii inakoonekana kwa karibu zaidi. Walimu kutoka Nairobi wamefundisha katika Gereza la Wanawake la Lang'ata. Sheria ya Kenya inamruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake hadi afikishe miaka minne, kwa hiyo darasa la yoga katika gereza la wanawake linaweza kuwa na watoto wanaotambaa katikati ya mikeka. Huko California, katika gereza la San Quentin, James Fox alianza kufundisha mwaka 2002 na kazi hiyo ikazaa Prison Yoga Project. Fox aliandika kitabu cha mazoezi kinachotumwa bure kwa mfungwa yeyote anayeandika barua kukiomba. Maelfu wamekipata, wengine wakiwa katika vyumba vya upweke ambamo nafasi pekee ya kufanyia zoezi ni upana wa mwili uliolala.

Kufundisha watu kama hao kuna adabu zake, na ndizo zinazomtofautisha mwalimu aliyeiva na mwenye cheti tu. Fikiria mwanamke aliyebakwa. Mwalimu wa studio ya kawaida humkaribia mwanafunzi kwa nyuma na kumshika kiuno ili anyooke. Kwa mwanamke huyu, mkono usiotarajiwa mgongoni unaweza kumrudisha palepale alipoumizwa. Kwa hiyo mwalimu hamgusi. Hasimami nyuma yake. Mlango hauzuiwi na mtu wala kiti, ili kila aliyemo aone njia ya kutokea. Hawaambii wafumbe macho. Anayetaka afumbe, asiyetaka atazame sakafu. Taa haizimwi. Hata lugha hubadilika: badala ya amri mfululizo za inua, shusha, geuka, mwalimu husema ukipenda inua mkono, au uache ulipo. Jambo dogo sana. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake uliwahi kufanywa wa mtu mwingine, kuchagua kama atainua mkono au la ndiyo sehemu kubwa ya tiba.

Mbinu hizo zilichunguzwa kwa muda mrefu Boston, katika kituo cha tiba ya kiwewe alichokianzisha daktari Bessel van der Kolk. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 64 ambao kiwewe chao kilikuwa kimekataa tiba za kawaida. Baada ya wiki kumi, katika kundi la yoga 16 kati ya 31 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Katika kundi la pili, lililopewa mafunzo ya afya, walikuwa 6 kati ya 29. Uingereza nako, watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2013 utafiti uliofanywa katika magereza saba na kuhusisha wafungwa wapatao 100. Waliofanya yoga kwa wiki kumi walipungukiwa na msongo wa mawazo na walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kompyuta linalopima kujizuia. Hizi ni tafiti ndogo, na mwenye busara hatatupa dawa zake kwa sababu hiyo. Hata hao wa Boston waliitumia yoga pamoja na tiba, hawakuifanya badala yake.

Rwanda ilikuwa mahali ambapo hoja hizi zililazimika kukutana na hali halisi. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wengi wa walionusurika waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Mradi uitwao Project Air uliwapelekea wanawake na wasichana wa Kigali walio katika hali hiyo yoga ya Ashtanga, ambayo ni ngumu, yenye jasho, isiyo na upole mwingi. Wengine walishangaa: kwa nini wagonjwa wapewe mazoezi mazito? Jibu lilionekana kwenye mwili wenyewe. Mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba yeye ni majeruhi anagundua anaweza kujinyanyua kwa mikono yake miwili.

Luweero, Uganda, wilaya iliyoteketea katika vita vya miaka ya 1980, shirika la Shanti Uganda liliendesha nyumba ya kujifungulia yenye wakunga, na mazoezi ya yoga kwa wajawazito yakawa sehemu ya huduma. Sehemu ya fedha za kuijenga ilichangwa na wanafunzi wa yoga wa Amerika Kaskazini. Hapa yoga haikuwa hata jambo kuu. Jambo kuu lilikuwa mama asijifungulie njiani. Na pengine huo ndio utumishi wa Sivananda na bima yake.

Basi mambo yote ni shwari? La. Kuna malalamiko ya kweli, na mawili yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni la dini. Wachungaji wengi wa Kenya huwaonya waumini dhidi ya yoga, na katika Pwani baadhi ya masheikh wana wasiwasi uleule. Hawako peke yao. Mwaka 1989 Vatikano, kwa waraka uliotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, iliwatahadharisha Wakatoliki kuhusu kuchanganya sala na mbinu kama za yoga na zen. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayoambatana na matamko ya ibada. Upande mwingine, Saudi Arabia ilitambua yoga kama mchezo mwezi Novemba 2017, baada ya juhudi za miaka mingi za Nouf Marwaai, mwanamke wa Jeddah. Walimu wanaojitetea kwa kusema yoga haina uhusiano wowote na dini wanajidanganya. Vivekananda alikuwa mtawa wa Kihindu, na mikao hiyo ilikua katika mazingira ya ibada. UNESCO ilipoiorodhesha yoga kama turathi mwaka 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, ilikuwa turathi ya India. Jambo la uungwana ni kumweleza mwanafunzi wazi kitu kilipotoka, kuacha matamko ambayo hawezi kuyakubali, na kumwachia uamuzi. Mzazi wa mtoto wa shule ana haki ya kuulizwa kabla mtoto hajatandikiwa mkeka.

La pili ni la nguvu na fedha, na hili ni zito zaidi. Historia ya yoga ya kisasa ina viongozi waliotumia neno la utumishi kujitajirisha. Wanafunzi walipika, walifagia, walijenga, bila mshahara, wakiambiwa kwamba kuchoka kwao ni utakaso, huku mkuu wao akibadilisha magari ya kifahari. Bikram Choudhury, aliyejenga himaya ya studio za joto duniani kote, ndiye mfano unaotajwa zaidi kwa makosa ya namna nyingine: mwaka 2016 jopo la mahakama Los Angeles lilimwamuru amlipe mamilioni ya dola aliyekuwa mshauri wake wa sheria, mwanamke aliyemshitaki kwa unyanyasaji wa kijinsia na kufukuzwa kazi isivyo haki. Choudhury aliondoka Marekani. Pale ambapo mwanafunzi hana mkataba, hana malipo na haruhusiwi kuuliza, madhara hayako mbali. Ukitazama kwa jicho hilo, posho ya Nairobi, ambayo wapenda usafi wa falsafa wangesema inaharibu karma yoga, ni kinga. Mwenye malipo yanayojulikana ana cha kudai, na akinyanyaswa anaweza kwenda kwingine na ujuzi wake.

Hata hivyo posho hiyo inatoka mbali. Uchumi ukiyumba Marekani, mwalimu wa mtaa wa Kangemi, Nairobi, anapunguziwa. Wageni huja kwa ziara zinazochanganya mazoezi, kutembelea mitaa ya mabanda na kutazama tembo, na ada zao husaidia kuendesha madarasa ya bure. Ziara kama hizo zina pande mbili. Zinaleta fedha na urafiki ambao wakati mwingine hudumu miaka. Pia zinaleta simu zinazowapiga picha watoto wasioulizwa, na mgeni anayerudi kwao akiwa na hakika kwamba ameiokoa Kibera kwa wiki mbili. Walimu wa Nairobi wamezoea kuyavumilia hayo. Hawapaswi kuyavumilia milele.

Njia ya kutokea ipo, nayo haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Serikali tayari inawalipa walimu wa michezo. Idara ya magereza ina bajeti ya urekebishaji. Hospitali za kaunti zina wagonjwa wa mgongo, wa shinikizo la damu na wa msongo wa mawazo ambao wangefaidika na saa moja ya mazoezi yanayoongozwa na mtu aliyefunzwa. Na kaunti zina kumbi za kijamii zilizojengwa kwa kodi ya wananchi, nyingi zikifunguliwa kwa harusi, matanga na mikutano ya wanasiasa.

Studio za Westlands, Nairobi, na Masaki, Dar es Salaam, nazo zina deni. Bei ya kipindi kimoja cha yoga katika mitaa hiyo inatosha kununua unga wa familia kwa wiki nzima. Hakuna ubaya mtu kulipia afya yake. Lakini studio inayojaza ukumbi mara tano kwa siku inaweza kutenga kipindi kimoja kwa wiki, imlipe mwalimu wake kwa kiwango kilekile, na ifungue mlango kwa wapishi, walinzi na mayaya wanaofanya kazi katika nyumba za jirani.

Kwa msomaji anayefikiria kuchangia mradi wa namna hii, kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutuma fedha kwa simu. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto analipwa kiasi gani, na nani ameahidi kumlipa mwaka ujao? Mradi usioweza kujibu hayo utakufa, na watakaoumia ni watoto waliokwisha kumzoea mwalimu. Kwa madiwani wa Nairobi ombi ni moja: vijana waliofunzwa wapo, kumbi zipo, na makadirio ya bajeti huandaliwa kila mwaka. Watengewe fungu, hata la kumbi tatu za kuanzia, Mathare, Kibera na Kangemi.